Altezza mbili nilizokagua: ya kwanza ilikula hela ya oda, ya pili ninayo

Wiki iliyopita niliposti picha ya mzigo wa vitenge uko kwenye buti, na badala ya watu kuuliza bei ya vitenge, komenti nyingi zikawa zinauliza gari. Umenunua wapi, shilingi ngapi, mzima kweli? Inboksi ndio usiseme. Kwa hiyo leo naacha habari za kufungasha mzigo, naandika hii moja kwa moja ili nisijibu mtu mmoja mmoja.

Kwanza niseme ukweli, mimi sio fundi. Nimemaliza form four, nikafungua duka hapa Kilambo, nikaanza kuuza mtandaoni. Haya ya gari nimejifunza kwa kupigwa, halafu kwa kukaa gereji nikiuliza maswali mpaka mafundi wakanichoka.

Mwaka juzi, msimu wa korosho. Wa Mtwara mnajua ule msimu ulivyo. Malipo ya mnada yakiingia, kila kitu kinauzwa: pikipiki, sabufa, mabati, na magari yanashushwa kutoka Dar kwa wingi. Na mimi nilikuwa na ndoto yangu ya tangu shule, Altezza. Nikaiona mtandaoni, nyekundu, imeshushwa chini, rimu zinang'aa, ubavuni imeandikwa RS200. Milioni 11. Nikapiga simu, dalali akaniambia kuna mteja anatoka Masasi jioni hiyo hiyo na hela mkononi, nikitaka nimtumie kishika gari. Nikatuma laki saba kwa simu.

Sasa sikilizeni hapa. Katika ile laki saba, laki nne na nusu haikuwa yangu. Ilikuwa hela ya oda. Wateja wangu sita walikuwa wamelipia vitenge, mimi nikajiambia nitafidia nikiuza mzigo wa wiki ijayo. Kila mmoja wetu anayeuza kwa oda anaujua huo mchezo, na kila mmoja anajidanganya kwamba yeye ni mara moja tu.

Kesho yake asubuhi nikaenda mjini na mjomba wangu. Dalali akaja na fundi "wa kwake, mwaminifu". Fundi akafungua boneti, akawasha, akasikiliza kidogo, akasema, "Dogo, hiki ni chuma, chukua." Dakika tano. Mjomba hajui gari hata kidogo, ila ni mtu mzima. Akaweka kiganja juu ya boneti, akatulia, akauliza:

"Mwanangu, hii gari asubuhi hii imetoka wapi?"

"Haijatoka popote, mzee wangu. Ililala hapa hapa."

"Mbona ya moto?"

Kimya. Hilo swali la mjomba ndilo lililoniokoa na milioni zilizobaki. Tukaomba muda, tukamtafuta fundi mwingine kabisa, mbali na wale. Aliyoyakuta nitayaeleza kwenye ukaguzi hapo chini. Tulikataa gari. Laki saba haikurudi mpaka leo, kwa sababu hakukuwa na karatasi yoyote inayosema ni ya nini na itarudi lini. Vitenge vya wateja sita niliviagiza kwa kuuza simu yangu na kutoa nguo za dukani chini ya bei niliyonunulia. Mmoja aliniandikia neno "tapeli" kwenye posti yangu, na sikuwa na la kumjibu.

Baada ya hapo ndio nikajiuliza, mimi ninayepiga picha za bidhaa kila siku nilidanganywaje na picha? Sisi tunajua kitenge kinapigwa picha saa ngapi ili rangi iwake. Tunajua doa linafichwa upande gani. Gari ni hivyo hivyo. Picha za saa kumi na mbili jioni, gari imemwagiwa maji, hupati kuona kama rangi ya mlango na rangi ya bawa zinafanana. Siku hizi mtu akinitumia picha za gari namwomba zingine: saa sita mchana, gari kavu, kila upande, chini ya injini, namba ya chasisi, na video moja ya kuiwasha asubuhi huku anataja tarehe kwa mdomo. Asiyetaka kutuma sigombani naye, naokoa nauli.

Kuhusu Altezza yenyewe. Toyota walianza kuitoa 1998 wakaacha 2005. Nje ya Japan iliuzwa kwa jina la Lexus IS. Kwa hiyo hakuna Altezza mpya duniani, hata hiyo yenye namba za karibuni. Namba ya gari inakuambia ilisajiliwa lini Tanzania, sio ilitengenezwa lini. Watu wanauziwa "namba E" kama vile ni umri wa gari. Angalia mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi.

Na Altezza hazifanani. RS200 ina injini ya 3S-GE, silinda nne, ndiyo ya wapenda mbio. AS200 ina 1G-FE, silinda sita, laini zaidi, haina haraka sana. Zote zinaitwa "elfu mbili cc", na hapo ndipo watu wanapopigwa, maana kibandiko cha RS200 kinauzwa dukani. Fungua boneti, tafuta namba ya chasisi iliyogongwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini. Ikianza na SXE10, ilizaliwa na 3S. Ikianza na GXE10, ilizaliwa na 1G. Kisha soma kadi: 3S-GE ni cc 1998, 1G-FE ni cc 1988. Ile nyekundu niliyolipia kishika gari ilikuwa GXE10, kadi inasema 1988, ndani kuna silinda sita, na ubavuni imeandikwa RS200. Bei niliyotajiwa ilikuwa ya RS200. Ingekuwa kinyume chake, chasisi GXE10 na ndani silinda nne, basi injini imebadilishwa, na hapo uliza namba ya injini iliyoko kwenye kadi ni ya ipi. Namba zisipofanana, hata kama gari inaenda vizuri, utakwama siku ya kuhamisha umiliki au siku ya kuiuza.

Ukaguzi wenyewe unaanza kabla injini haijawashwa. Fika mapema kuliko mlivyokubaliana. Gusa boneti. Injini ikiwa baridi ndio inasema ukweli, kwa sababu matatizo mengi ya kuwaka, milio na moshi yanajificha ikishapata moto. Ukikuta ya moto, kaa kivulini, subiri. Ukiambiwa una haraka gani, sema huna haraka.

Ikiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta (ikiwa ya moto usithubutu, utaungua uso). Maji yawe masafi, ya rangi ya kuleni au angalau yasiwe na kutu wala mafuta yanayoelea. Toa mfuniko wa oili, angalia chini yake. Ukiona kitu cheupe kama uji wa maziwa, maji na oili vinakutana, gasketi ya hedi inaweza kuwa imeondoka. Chomoa kijiti cha oili. Kwa 3S ni muhimu zaidi maana nyingi za umri huu zinakula oili, na zimeendeshwa na watu wanaopenda kuzisikia zikilia.

Sasa mwambie mwenye gari aweke funguo kwenye ON bila kuwasha. Taa za dashibodi lazima ziwake: ya injini, ya oili, ya airbag, ya breki. Halafu awashe, zizime. Kama taa ya injini haikuwaka kabisa ile mara ya kwanza, usifurahi. Imechomolewa balbu au imezibwa. Kwenye ile nyekundu taa ya injini na ya airbag zote zilikuwa kipofu. Fundi wa pili alichomeka kile kimashine cha kusoma makosa, ikatoka orodha ndefu.

Ikiwaka, nenda nyuma, usimame pembeni ya ekzosi. Moshi mweupe kidogo asubuhi unaopotea ni mvuke, sio kesi. Mweupe unaoendelea ni maji yanaingia kwenye silinda. Wa bluu ni oili inaungua. Mweusi ni mafuta yanayomwagika kupita kiasi. Mtu akae ndani akanyage taratibu halafu aachie ghafla. Wa bluu hupenda kutokea pale anapokanyaga tena. Na ekzosi ikiwa imekatwa ili ilie, muulize ile ya mwanzo iko wapi. Ukelele wa ekzosi unaficha milio ya injini, ndio maana mimi siichukulii kama urembo tena.

Mkanda wa taiming. Injini zote mbili zinatumia mkanda, sio cheni, na hubadilishwa kila kilomita laki moja hivi. Ukikatika safarini unaweza kuondoka na vali. Muulize muuzaji ulibadilishwa lini, na anionyeshe risiti au kibandiko. "Ulibadilishwa tu juzi" bila karatasi, mimi nahesabu haujabadilishwa, natoa gharama yake kwenye bei.

Bodi inahitaji jua na uvumilivu. Chuchumaa mbele, tazama ubavu wote kama unavyotazama ubao kama umenyooka. Nafasi kati ya mlango na bawa iwe sawa juu mpaka chini, kulia na kushoto. Fungua milango, angalia raba za pembeni. Rangi ikiwa imerukia kwenye raba, gari imepakwa. Angalia boliti zinazoshika mabawa na boneti, ukiona rangi imebanduka kwenye vichwa vyake, zilifunguliwa. Chukua sumaku ndogo, ifunge kwenye kitambaa laini usije ukachuna rangi ya watu, pitisha kwenye milango na mabawa. Inaposhika vizuri ni bati, inapoteleza kuna puti. Bawa la nyuma kushoto la ile nyekundu sumaku ilianguka chini. Sio kila gari iliyopakwa rangi ni mbaya jamani, mikwaruzo ipo. Ogopa iliyonyooshwa mbele kwenye vyuma vinavyobeba injini, au yenye mshono wa kuchomelea chini ya zulia la buti. Hiyo ni gari iliyokatika.

Mkanda wa kiti pia unaongea. Uvute mpaka mwisho, chini kuna kitambaa chenye tarehe. Mkanda ukiwa wa mwaka tofauti sana na gari, uliza kwa nini ulibadilishwa, kwa kawaida watu hawabadilishi mkanda bila ajali.

Chini ya gari msione uvivu. Sisi wa huku tunaishi na chumvi. Gari iliyokaa pwani ya Mtwara miaka, inayopita kwenye tope la maji chumvi kusubiri kivuko, inaliwa kutoka chini huku juu inang'aa. Lala kwenye kipande cha boksi, washa tochi ya simu, gonga gonga vyuma vya pembeni kwa ufunguo. Kutu ya juu juu ya kahawia ni ya umri. Inayomeguka kama maandazi makavu, ondoka. Inua zulia la mbele unuse. Harufu ya ukungu na mchanga mwembamba kwenye pembe ambazo mchanga haufiki kwa miguu, hiyo gari imeshaingia maji.

Tairi zina tarehe, wengi hawajui. Tafuta namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye meno mazuri lakini ya miaka kumi imeshakauka. Na ikiwa imelika upande mmoja tu, gari haijanyooka au miguu imekufa. Kwa Altezza muulize fundi aikague sana boljointi ya chini ya mbele, hiyo ina sifa mbaya, ikichomoka tairi inalala gari ikiwa kwenye mwendo. Na klipa za breki za nyuma huganda. Kama imeshushwa, angalia spring kama ni za kushushia au zimekatwa na msumeno. Zilizokatwa, huko barabara zetu za vijijini utapasua sampu ya oili wiki ya kwanza.

Kuiendesha usikubali kuzunguka mtaa mmoja. Mimi ya pili niliiendesha kutoka mjini mpaka Mikindani na kurudi, dirisha limefungwa, redio imezimwa. Ya manyo, ipandishe gia moja moja, hasa ya pili na ya tatu. Ikikwaruza, sinkronaiza zimechoka. Gia ya juu mwendo mdogo, kanyaga. Injini ikipanda sauti na gari isiongeze mwendo, klachi inateleza. Ya oto, isikilize inavyobadilisha, isipige teke. Achia usukani kidogo sehemu iliyonyooka isiyo na watu. Funga breki. Ukirudi iache inaunguruma dakika kumi na AC imewashwa, tazama geji ya joto, halafu angalia chini kama imedondosha chochote zaidi ya maji ya AC.

Kilomita za dashibodi mimi siziamini peke yake. Kilomita elfu themanini na usukani umekuwa kipara, raba ya pedali imeisha, kiti kimekaa upande? Haiwezekani. Kama gari imeingia nchini karibuni, omba karatasi ya mnada wa Japan. Alama ya R au RA maana yake ilipata ajali ikatengenezwa, na XX kwenye mchoro wa gari ni kipande kilichobadilishwa.

Karatasi ndio nilizozidharau zaidi, wakati ndizo hazihitaji ufundi. Jina kwenye kadi lifanane na kitambulisho cha anayekuuzia. "Ni ya bro yuko Dar" sio jibu, bro aje au atoe idhini kwa wakili. Kadi ikiwa na jina la benki au taasisi ya mkopo, kuna deni. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa faini za barabarani uone zinazodaiwa. Gari za vijana wa mbio huwa na foleni ya makosa. Mkataba wa mauziano uandikwe kwa wakili na mashahidi, halafu muende TRA kuhamisha umiliki, wote wawili mkiwa na TIN. Usiridhike na kadi iliyo mkononi yenye jina la mtu mwingine. Huyo mtu mwingine ndiye mwenye gari.

Hapa kwetu mpakani kuna kishawishi kingine. Mtu anakuja na gari yenye namba za Msumbiji, bei nusu, "tutajua mbele ya safari". Gari ya nje inaingia kwa kibali cha muda. Kuimiliki huku lazima ilipiwe kodi zote za kuingiza: ushuru wa forodha 25%, VAT 18%, na zingine juu yake, na ikiwa kuukuu kuna nyongeza ya uchakavu. Ukipiga hesabu, ule unafuu unaisha wote. Usipolipa, siku wakiikamata unabaki na funguo.

Fundi. Hili ndilo nililolipia laki saba kulijua. Fundi aliyeletwa na dalali anasubiri cha juu, na cha juu kinatoka gari ikiuzwa. Kwa hiyo mtafute mwenyewe, mpe hela yake kabla hajafungua boneti. Wa pili nilimwambia hivi: "Kaka, hii 40,000 yako. Ukisema mbovu ni yako, ukisema nzima ni yako." Akacheka, halafu akakagua saa mbili na nusu. Gari tatu alizikataa, nikalipa 120,000 bila kununua kitu. Iliniuma, lakini niliweka hesabu ya zile laki saba pembeni ikapoa.

Ya nne ndiyo hii. Altezza Gita, ile yenye buti la kufunguka juu, ilianza kutoka 2001, na kwa sisi wa mizigo inafaa kuliko ile ya kawaida. Ilikuwa na kasoro: mkanda wa taiming haukujulikana umri, boljointi moja imekufa, tairi mbili za zamani. Nikaziandika kwenye karatasi na bei ya kila moja, nikampa muuzaji. Alishusha laki tisa. Nililipa milioni 8.6 na nilikuwa na milioni moja na nusu pembeni ya matengenezo, iliisha yote ndani ya miezi miwili. Usipokuwa na hiyo ya pembeni, bado hujafikia bei ya gari, subiri.

Na hela ya oda sasa inakaa laini nyingine kabisa ya simu, na PIN anayo mke wangu. Yule mteja aliyeniita tapeli nilimrudishia kitenge chake na kimoja cha juu. Posti hakufuta. Nami sijamwomba afute.

Anayetaka kwenda kukagua gari wiki hii aniandikie ni ya aina gani na iko wapi, nitamwambia cha kuangalia kwanza. Habari ya kufungasha mzigo wa basi usilowe, Jumatano.